Nyumba Niliyonunua kwa Mdomo wa Mtu

Simiyu alizikwa Jumamosi, nami nilikuwepo, safu ya nne, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda. Dada yake ndiye aliyenipigia simu. "Dada Wanja, nimeona ni vizuri usikie kutoka kwetu," alisema, na mimi nikamuuliza mazishi ni saa ngapi, kwa sauti ile ile ninayoulizia bei ya saruji. Nilitoka Kitale alfajiri nikafika Myanga kabla ya jeneza. Wakanitambulisha kuwa rafiki wa familia. Kisha bintiye mkubwa, msichana mrefu mwenye sauti ya baba yake, akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa Bokoli, akasoma, akaajiriwa kwenye ghala la mahindi, na "mwaka wa 2005, akiwa kijana wa miaka ishirini na minane, alinunua boma hili kwa jasho lake mwenyewe." Watu wakaguna kwa heshima. Mama aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Vijana wa siku hizi wangeiga huyo." Nikamwambia ni kweli kabisa. Jasho lilikuwepo, hilo sikatai. Msichana hakukosea popote ila kwa mwenye jasho, na hapo hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mwenyewe nilikaa kimya nikipepea uso kwa kijitabu cha ratiba.

Mwaka huo wa 2005 nilikuwa na miaka ishirini na sita na biashara ya mapazia ya mitumba, kwenye veranda ya duka la vyuma la Kalasinga mmoja mjini Kitale. Nilipanga chumba katika ploti yenye milango kumi na miwili. Choo kilikuwa kimoja, kina kufuli, na ufunguo wake ulifungwa kwenye kijiti kirefu kama mwiko ukatundikwa mlangoni kwa mama mwenye ploti. Ukibanwa, unapiga hodi kwake. Anakutazama kwanza, kichwa hadi miguu, kisha anasema, "Wewe tena?" Mchana kutwa nilikuwa napimia mapazia watu wenye madirisha sita, saba, wakilalamika kwamba jua la jioni linawaumiza macho, halafu jioni narudi kwenye chumba chenye dirisha moja lililofunguka nusu tu, maana ukuta wa jirani ulikuwa umeliziba. Wengine husema walitafuta nyumba kwa ajili ya heshima, au uzee, au watoto watakaokuja. Mimi nilitafuta kwa sababu ya kile kijiti. Nilitaka mlango ambao ufunguo wake siombi kwa mtu, na kwa huo mlango nilikula sukuma wiki na ugali miaka minne, nyama nikiionea kwa majirani.

Simiyu ndiye aliyeleta habari ya nyumba. Tulikuwa wachumba mwaka wa pili. Alipima magunia kwenye ghala la mahindi upande wa kwao, mpole, anayesalimia hata watu waliokwisha kumpita. Kwao Bokoli walikuwa ndugu saba kwenye shamba ambalo ukisimama katikati na kupiga chafya, majirani wa pande zote wanakuambia pole. Kazini alisikia kuna mjane wa mwalimu karibu na Myanga anayeuza: matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, jiko la nje, robo ekari, migomba. Mjane alikuwa anahamia Kibabii kwa binti yake. Bei waliyotaja ilikuwa elfu mia mbili na arobaini. Huku Trans-Nzoia, upande wa Kitale, pesa hizo zingeninunulia mahali pa kusimama tu. Nikamwambia Simiyu tukaone, na njiani nikampa mpango wangu, ambao wakati ule niliuona kuwa kazi ya akili kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mpango ulikuwa huu. Wakiona msichana wa Kikuyu kutoka Kitale, hana bwana, ana biashara, bei itapanda kabla hajaketi. Kisha wazee watauliza, "Na bwana yako yuko wapi?" na hapo tutazunguka mpaka jua lizame. Basi mnunuzi awe Simiyu. Ni mtoto wa huko, anajua lugha, anajua kusalimu wazee mpaka wakaridhika. Mimi nitakuwa mke wake. Nitaingia jikoni kwa wanawake, nitatoka na chai, nitamwekea bwana wangu sukari. Kijiko kimoja: shuka tena. Viwili: tulia, wasikilize. Vitatu: kubali.

"Na mimi napenda sukari," Simiyu alisema.

"Utapenda baadaye."

"Sasa si mtu aeke kijiko moja kwa chai ya wageni, wataniona aje?"

"Watakuona mgonjwa wa sukari. Watakuonea huruma, watashusha."

Alicheka mpaka akasimama barabarani kushika mbavu. Alikuwa na kicheko kizuri sana, na hata sasa nikikumbuka naona ugumu kumchukia mtu wa kicheko kile, ingawa nimejitahidi.

Nyumba ilikuwa imesimama nyuma ya mistari miwili ya migomba. Nikiwa mke mwema anayetafuta jiko lilipo, niliizunguka yote. Mabati sitini na nne. Nikarudia: sitini na nne, mawili yana matundu ya msumari. Nilibisha kuta kwa vidole nikisikiliza, nikasukuma fremu za madirisha, nikakanyaga sakafu palipopasuka. Ndani, sebuleni, palikuwa na viti vya vitambaa vilivyofumwa kwa uzi wa manjano, kalenda tatu za miaka iliyopita, na harufu ya nyumba iliyofungwa madirisha tangu msiba. Chumba cha tatu, kidogo, kilitazama mashariki. Niliingia nikasimama pale kwa muda ambao hauhitajiki kukagua chumba kitupu. Mlango wake ulikuwa na komeo kwa ndani. Nikalifunga, nikalifungua, nikalifunga tena.

"Hiyo ilikuwa ya mwalimu, ya vitabu vyake," mtu akasema nje ya mlango. Nilipofungua nikamkuta mjane mwenyewe, Mama Anjelina, mwembamba, kanga kiunoni, mikono ina unga. "Njoo tupike. Wanaume wataongea mpaka kesho."

Jikoni tulikaa juu ya vigoda tukachambua mchele, ingawa wali haukuwa wa kila mtu, ulikuwa wa wazee. Ukuta wa jiko haukufika kwenye paa, hivyo maneno ya sebuleni, ng'ambo ya ua, yalikuja wazi. Aliyesimamia mauzo alikuwa shemeji yake, Mzee Makokha, mtu wa kofia na fimbo, pamoja na wazee watatu wa jirani. Nilimsikia akisifu: "Angaria hii mabati, kijana. Mwarimu aliweka geji ya zamani. Siku hizi wanatuuzia karatasi." Kisha Simiyu, taratibu, kwa heshima, akisema mvua ya mwaka jana ilipasua sakafu. Mama Anjelina akaniuliza bwana yangu anafanya kazi gani. Nikasema ghalani. Watoto? Bado, Mama. Mmeoana lini? Nikataja mwezi. Baadaye kidogo, akipepeta, akauliza tena, na nikataja mwezi ule ule, maana uongo pia huwa nauhesabu mara mbili. Alinitazama vidole, vyenye vumbi jekundu la matofali.

Chai ya kwanza nilipeleka bei ikiwa mia mbili na ishirini. Kijiko kimoja. Simiyu alikunywa, uso ukamkunjamana, akasema ninyi ni wazazi wangu, mnisaidie. Ya pili, mia mbili kasoro kumi. Kijiko kimoja. Akaniangalia kwa macho ya kuomba. "Ongeza kidogo, mama watoto," akasema. Wazee wakacheka. Nikamwambia, "Daktari alikukataza," nikatoka. Mzee mmoja nilimsikia nyuma yangu: "Huyu bibi yako ni mkari. Utatajirika, ama utakufa." Chai ya tatu ilimkuta kwenye mia moja na sabini, na niliposikia kimya cha Mzee Makokha kinavyorefuka, nikajua hapo ndipo sakafu ya bei. Nikaweka vijiko vitatu, vimejaa. Simiyu alikunywa kikombe chote bila kupumua.

Ndipo kikaja chakula, na hapa lazima niwaeleze wasiotoka huko. Kuku akichinjwa kwa wageni, firigisi haiwekwi kwenye bakuli pamoja na nyama nyingine. Inaletwa kwenye kisahani chake, na haiombwi wala haichukuliwi. Ni ya mwenye boma. Mama Anjelina ndiye aliyeniwekea kisahani kile mkononi nikipeleke, na nilipokiweka mezani kikawa mbele ya Mzee Makokha, kwa kuwa mwalimu hakuwepo tena na yeye ndiye aliyekuwa anakula kwa nafasi yake. Mzee alikitazama. Akakisukuma kwa kidole polepole mpaka mbele ya Simiyu. "Hii nimekula miaka miwiri kwa niaba ya ndugu yangu," akasema. "Reo nimechoka. Kura, mwenye boma." Mmoja wa wazee akavua kofia. Simiyu alinitazama, mimi niliyesimama mlangoni na birika, na ninaapa alikuwa akiniuliza. Nikampa ishara kwa kidevu: kula bwana, tumalize. Moyoni nilikuwa nacheka. Nilijiambia, yeye achukue kipande cha nyama cha kujaza kijiko, mimi nichukue mabati sitini na nne.

Karatasi iliandikwa pale pale, kwenye ukurasa wa daftari la mwalimu lenye mistari. Mnunuzi: Simiyu. Wazee wakatia vidole. Noti nilizokuwa nimefunga kiunoni nilimpa nyuma ya jiko, akazipeleka mezani kwa mkono wake. Nilijua ninachofanya, ama nilidhani. Ile ilikuwa karatasi ya daftari tu. Uhamisho wenyewe ungefanyika kwenye bodi ya ardhi, miezi kadhaa baadaye, karatasi za urithi za Mama Anjelina zikishapata mihuri yake. Siku hiyo tungeingia pamoja, Simiyu aseme ukweli, jina liandikwe langu. Tulikubaliana hivyo tukirudi, yeye akishika mkono wangu na kunung'unika kwamba meno yanamuuma kwa ile chai ya mwisho. Ndiyo sababu huwa nacheka watu wakiniita mjanja. Kila kitu katika nyumba ile nilikihesabu mara mbili. Mtu niliyekuja naye sikumhesabu hata mara moja.

Kuanzia Machi hadi Oktoba nilikuwa Kitale siku sita na Myanga siku moja. Kila Jumamosi nilipanda gari na kitu: kioo cha dirisha nimekifunga kwa blanketi, kopo la rangi, bawaba. Nilishona mapazia ya madirisha yangu manne kwa kitambaa nilichokuwa nimekataa kuuza miaka miwili. Simiyu alihamia huko kulinda nyumba, akawa anaenda kazini kwa baiskeli. Mwezi wa kwanza alinipokea barabarani. Mwezi wa tatu alinipokea mlangoni. Mwezi wa tano nilifika nikamkuta mama yake, amekuja kutoka Bokoli na sufuria zake tatu na godoro, na godoro limetandikwa katika chumba cha mashariki. "Ni wa wiki mbili tu," Simiyu alisema. Nikauliza kwa nini chumba kile. "Si ndiyo iko na joto asubuhi? Mtu mzima anaumwa magoti."

Hakuwa mwanamke mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingerahisisha hadithi. Alikuwa ameishi na wake wenza sita kwenye ua mmoja, na sasa amepewa chumba chenye komeo. Ningekuwa yeye ningelala humo hata mchana. Lakini Jumamosi moja nilifika mapema, nikiwa na bawaba za mlango wa nyuma, nikamsikia jikoni akiongea na jirani. Jiko lile, nimeshasema, halikuwa na siri.

"Huyu msichana wa Kitale ni wa kijana?" jirani aliuliza.

"Ni rafiki yake."

"Anaonekana mchapakazi. Kila wiki na mzigo."

"Anasaidia. Lakini akiingia kwa boma ya watu anahesabu vikombe. Nimemwona. Anahesabu vikombe ya kijana yangu."

"Wakikuyu wako hivyo. Ni malezi."

"Si mbaya. Akiolewa ataacha."

Nilikohoa, nikaingia, nikasalimia wote wawili kwa mikono miwili. Vikombe vilikuwa kumi. Nilikuwa nimenunua kumi na viwili.

Jioni ile nilimwita Simiyu kwenye migomba. Nikamwambia mama yake anasema boma ni la mwanawe. Akasema, "Sasa unataka nimwambie aje? Ati nimeolewa?" Nikamwambia sikuoa mtu, nilinunua nyumba. Wakati huo wapita njia wawili walimsalimia kutoka barabarani, "Mwenye boma, habari ya jioni," naye akawajibu kwa mkono juu, na nikaona bega lake lilivyonyanyuka. Sikuwa nimewahi kuona bega lile likinyanyuka. Kwao alikuwa mtoto wa tano kati ya saba. Hakuna aliyewahi kumsalimia kwa cheo. "Wanja," akasema, "hii kitu tutafanya nini nayo? Tukioana si ni yetu wote?"

"Basi iandikwe yangu, na tukioana iwe yetu wote."

"Wazee watanicheka. Walinipea mbele ya kila mtu."

"Walikupa nini? Walikupa firigisi."

"Wewe unaona ni nyama tu," akasema, bila hasira, karibu kwa huruma.

"Siku ya bodi utasema nini?"

"Nitasema vile iko."

Bodi ilikaa asubuhi ya Jumatano kwenye chumba cha mikutano chenye benchi za mbao na dirisha moja lililopigwa misumari. Tulikuwa familia tisa siku hiyo. Niliingia na Simiyu, ila mama yake aliketi kati yetu. D.O., afisa wa tarafa aliyeongoza bodi, alikuwa mtu wa haraka, si mbaya, anayetaka kumaliza kabla ya chakula. Akaita faili yetu. Akamwuliza Mama Anjelina kama anauza kwa hiari. Anauza. Akamwuliza Mzee Makokha nani amenunua. Mzee akasimama na fimbo yake, akamwelekeza Simiyu. Wazee wengine wawili wakamwelekeza Simiyu. "Kijana, umenunua?"

Simiyu alisimama. Alikuwa amevaa shati nililomchagulia mwenyewe. "Nimenunua," akasema.

D.O. akauliza kama kuna pingamizi. Nikasimama nikasema pesa ni zangu, zote, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Chumba kizima kikageuka kunitazama. D.O. akafungua karatasi ya daftari. "Jina lako liko hapa?" Haliko. "Uko na shahidi?" Nikatazama wale niliokuwa nimewadanganya, mmoja baada ya mwingine. "Mzee," D.O. akamwambia Makokha, "huyu mama alikuwako siku hiyo?"

"Arikuwako, sana," mzee akasema kwa ukarimu wote. "Arituretea chai. Chai mzuri."

Watu walicheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka kwenye foleni ndefu. D.O. akamwuliza Mama Anjelina alipokea pesa kwa mkono wa nani. Akasema, "Kwa mkono wa kijana." Mhuri ukagonga. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, nikitafuta mwongo katika chumba kile. Mzee hakudanganya. Mama hakudanganya. Hata Simiyu, kwa hesabu za huko, alisema vile iko: alikaa, akala, wakampa. Mtu mmoja tu ndiye aliyefika Myanga na uongo, na alikuwa ameuandaa vizuri, na kuukariri, hadi kufundisha mwenzake vijiko.

Nje nilimkuta Mama Anjelina ameketi kwenye nyasi, anasubiri shemeji yake amalize kusalimiana. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nataka kumpigia kelele lakini sikuwa na kelele.

"Keti, mwanangu," akasema. "Nilijua pesa ni yako."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jikoni. Yule kijana hakubisha ukuta hata moja. Wewe vidole ilikuwa nyekundu."

"Basi mbona hukusema, Mama? Leo, mle ndani?"

"Niliulizwa mkono. Nikasema mkono." Akang'oa jani la nyasi. "Na siku ile uliniambia ni bwana yako. Nilikuuliza mara ngapi? Mara mbili. Nikasema, labda wamepatana hivyo, mimi ni nani niingilie nyumba ya watu."

Makokha alikuwa bado anashikana mikono na Simiyu, na mama yake Simiyu anajifuta machozi kwa pembe ya leso, machozi ya kweli.

"Makokha aliniletea wanaume watatu kabla yenu," Mama Anjelina akaendelea. "Nikakataa wote. Nilikuwa natafuta mwanamke. Ile chumba ya vitabu, mwalimu alikuwa anajifungia, mimi nalala na watoto sebuleni miaka kumi na tisa. Nikasema nyumba hii ikitoka kwangu, iende kwa mwanamke. Halafu ukaingia, nikakusikia unafunga komeo, unafungua, unafunga. Nikajua ni wewe. Nikangoja useme. Ungesema tu pale kwa mchele, Makokha angejua saa ya kula, na karatasi ingeandikwa jina lako."

"Bei ile tuliyofika," nikasema. Ajabu ni kwamba hilo ndilo lililonitoka, kati ya yote. "Ningesema, ungeniuzia kwa ngapi?"

"Hiyo usiulize. Utaibeba."

"Niambie, Mama."

"Mwanangu, enda nyumbani."

Nikamsihi tena. Alinitazama kama alivyonitazama jikoni, kisha akaniambia, polepole, kwa maneno na si kwa vidole, nisije nikasema sikusikia. Nikamshukuru. Nikaenda kutafuta gari la Kitale, nikapiga hodi kwa mama mwenye ploti kabla ya giza. Baadaye nilinunua kwingine, kwa jina langu, ghali. Simiyu sikumwambia kamwe ile bei, wala mtu mwingine yeyote. Niliibeba.